Tanga tunaongea sana barazani, mkutano wa mtaa tumeuacha ufe

Mjukuu wa Manamba:

Ndugu zangu wa Tanga na wa kwingine, habari za wakati huu. Nina jambo limenikaa moyoni muda mrefu, leo nalitoa lote. Ni refu. Atakayechoka njiani apumzike, arudi baadaye.

Kila anayepanda jukwaani hapa mjini, awe wa chama tawala au wa upinzani, awe sheikh au padri, huanza kwa kutusifu: watu wa Tanga watulivu, Tanga ni ya amani. Nasi tunapiga makofi. Sifa hiyo naipenda, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ni kweli na najua wazee wetu waliigharamia. Ila siku hizi nahofia inavyotumika. Mtu akiuliza fedha za mtaa zimekwenda wapi, anaambiwa asivuruge amani. Akina mama wakiuliza mchango wa shule umepitishwa kikao gani, wanaambiwa wanaleta siasa. Neno zuri kuliko yote tuliyonayo limefanywa kifunga mdomo.

Amani ya huku haikuota yenyewe. Babu yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, mmoja wa wale vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Mkonge wenyewe aliuleta Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche ikitoka Florida. Iliyofika hai ni 62 tu. Kutoka humo likapatikana zao lililoifanya Tanganyika kuwa ya kwanza duniani, na mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000. Jasho lile lilikuwa la watu wa mbali: Waha, Wanyamwezi, Wabena, Wamakonde, Warundi. Mji tunaouita "waja leo waondoka leo" ndio uliowapokea, na wengi wao hawakuondoka. Wajukuu wao ndio sisi, tumechanganyika na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na Wasegeju mpaka ukoo mmoja una makabila manne.

Babu alikuwa akisimulia kwamba miaka ya mwanzo kambini palikuwa na ugomvi usiokwisha. Maji, pombe, mke wa mtu, zamu ya korona (mashine ya kusindika mkonge), mzigo wa mkonge uliohesabiwa pungufu. Watu walipigana kwa mapanga yale yale ya kazi. Kilichotuliza kambi, kwa maelezo yake, ni wazee wa kila kabila kukubaliana kwamba shauri lolote lisikilizwe uwanjani, watu wote wakiwepo, mlalamikaji aseme mpaka amalize na mlalamikiwa naye aseme mpaka amalize. Uamuzi ukitolewa kila mtu ameusikia kwa masikio yake, hakuna wa kwenda kuubadilisha usiku. Amani yao waliipata kwa kusemeshana hadharani. Hakuna aliyeambiwa anyamaze kwa ajili ya amani, maana aliyenyamaza ndiye waliyemwogopa.

Sasa tujitazame sisi.

Kuongea hatujambo. Pita Ngamiani jioni, barabara yoyote, utakuta baraza. Kahawa ipo, kashata ipo, bao linachezwa, na siasa inachambuliwa kuanzia Gaza mpaka Dodoma. Utasikia hoja nzito ambazo hata bungeni hazisikiki. Coastal Union ikifungwa, kila mmoja kocha. Nimekaa kwenye mabaraza hayo tangu ujana na nayaheshimu, yamenifundisha mengi. Lakini maneno ya barazani hayana muhtasari. Yakishasemwa, mkeka unakunjwa, kila mtu kwake. Asubuhi mtaro uliosemwa vile umeziba vile vile.

Mkutano wa mtaa ni habari nyingine. Pale kuna kalamu na daftari, kuna orodha ya mahudhurio. Kinachosemwa kinaandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria, na hakuna anayeulizwa kadi ya chama mlangoni. Vijijini ndiyo zaidi: kwa sheria namba 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye kauli ya juu katika mambo ya kijiji, unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ardhi ya kijiji haigawiwi bila idhini yake. Katiba yetu ya 1977 nayo, ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka yakishapelekwa yakakuta uwanja mtupu, atayachukua aliyekuwepo.

Na ndicho kinachotokea. Mtaani kwangu (sitautaja) mkutano ukiitishwa wanakuja wazee wachache, akina mama wa vikundi, na vijana wawili watatu wanaotaka barua ya utambulisho. Mambo yanapitishwa kwa dakika chache. Miezi inapita, mkutano mwingine hauitishwi, na hakuna anayeuliza kwa sababu wengi hatukujua kama ulitakiwa kuwepo. Mapato na matumizi hayabandikwi popote. Halafu tunakaa barazani kulalamika kwamba viongozi hawatusikilizi.

Mwishoni mwa Mei 2016 watu wanane waliuawa kikatili Kibatini, usiku. Mji mzima ulitetemeka. Nakumbuka tulivyokuwa tukitazamana wiki zile, kila mgeni ni mtuhumiwa. Wengi tulitambua hatujui nani amepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mtaa ambao haukutani haujuani, na daftari la wakazi halijai lenyewe. Ulinzi wa mapolisi una kazi yake, lakini polisi haishi mtaani kwako. Jirani ndiye anayeishi hapo.

Nalisema hili sasa kwa sababu fedha inakuja Tanga, na inakuja nyingi. Bandari imeongezwa kina mpaka mita 13, meli inafunga gatini badala ya kutia nanga nje na kushushia kwenye matishari. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, pale pale ambapo jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Viwanja vinapanda bei, wageni wanaulizia ardhi, vijana wanaulizia ajira. Haya yote yatapita mezani kwa mtendaji na mwenyekiti wa mtaa au kijiji kabla hayajatufikia sisi. Nani atakuwa amekaa upande wa pili wa meza ile?

Mji huu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa tayari unachapisha gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lililotolewa na shule ya serikali. Watu wa pwani walikuwa wakiandika na kusomana zaidi ya miaka mia moja iliyopita, chini ya mkoloni. Sitaki kuamini kwamba sisi tulio huru tunashindwa kudai muhtasari wa kurasa mbili.

Rai yangu ni hii moja: twende mkutanoni. Tuulize kwa adabu, tusitukanane, tusiende na bendera, na tusitoke mpaka tulichouliza kimeandikwa. Karibuni mseme.

Mvuvi wa Sahare:

Mjukuu, umenigusa. Nami nitasema la baharini, kwa sababu kunyamaziana kumetuumiza huko kuliko bara.

Wote wa diko zetu, pale tunaposhushia samaki, mnajua habari ya kuvua kwa baruti. Ilikuwepo pwani hii tangu miaka ya 1960. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunasikia mlipuko asubuhi tukiwa darasani, mwalimu anaendelea kufundisha. Kila mtu alijua nani anapiga bomu, nani anampa vifaa, na nani anapokea samaki. Yule wa bomu unamjua ukimshika tu, nyama imelegea, uti wa mgongo umevunjika. Mama muuzaji anamjua, mnunuzi anamjua. Hakuna aliyesema, kwa sababu mpigaji ni mtoto wa shangazi, au ndiye aliyetoa sanda msibani. Tukasema tusivunje udugu.

Udugu ule umetugharimu matumbawe. Mwamba ukishasambaratika haurudi kwa msimu mmoja. Changu na tasi tuliokuwa tukiwapata kwa dema karibu na ufuko, sasa unawafuata mbali kwa mafuta ya gharama. Aliyekuwa na ngalawa na mshipi tu ndiye aliyeumia kwanza.

Lakini palikuwa na wakati tuliweza. Kuanzia 1994 ulikuwepo mradi wa hifadhi ya pwani ya Tanga, uliofadhiliwa na Ireland. Pamoja na mambo ya wataalamu, ulifanya kitu kimoja ambacho hatukuwa tumekiona: uliwakalisha wavuvi wenyewe. Vijiji vikakutana kwa maeneo, kama Mtang'ata na Boza–Sange, wakabishana mpaka wakakubaliana mwamba upi ufungwe, nyavu gani zisitumike, doria nani atoe. Mwamba ule ulifungwa na watu waliokuwa na njaa siku ile ile. Ndiyo maana uliheshimiwa.

Mradi ulipokwisha, vikao vikapoa, na baruti ikarudi kwa nguvu. Ilipungua tena serikali ilipotumia nguvu miaka ya 2017 na 2018. Nashukuru ilipungua. Ila boti ya doria ikiondoka, kinachobaki ni sisi, na kama sisi hatusemezani tutarudi kule kule. Vikundi vya BMU, vile vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, vipo karibu kila diko. Niambieni, nani kati yenu amehudhuria kikao chake mwaka huu?

Kijana wa Mikanjuni:

Shikamooni wakubwa. Naheshimu mliyoandika, lakini niseme ukweli wangu na msinichukie.

Mnatuambia twende mkutanoni. Novemba 2024 tulitaka kuchagua mwenyekiti wa mtaa. Nchi nzima wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu, na CCM ikatangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya viti. Ikaja tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu. Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na kwingine watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa siku kadhaa, familia zikatafuta watoto wao hospitali na vituoni. Mimi nina rafiki niliyesoma naye ambaye mpaka leo mama yake akisikia pikipiki usiku anakimbilia mlangoni. Baada ya hayo nikamuulize mwenyekiti habari za mtaro?

Sisemi kwa kebehi, kaka. Nauliza kweli. Nataka kujua mnaona nini ambacho sisi hatukioni.

Mjukuu wa Manamba:

Marahaba mwanangu. Nimesoma ulichoandika nikakaa kwanza, sikutaka kukujibu haraka.

Sitakuambia usahau. Damu iliyomwagika ni ya watoto wetu, na wenye wafu wana haki ya kujua nani aliamuru na nani alifyatua. Serikali imeunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Tume ni njia tu. Haki itaonekana pale mama aliyepoteza mtoto atakapotajiwa jina na kupewa mwili wa mwanawe. Mpaka hapo asituambie mtu kwamba tumeshapona. Ukisimama mkutanoni ukasema hivyo kwa sauti yako, nitasimama nyuma yako.

Na ulilolisema la 2024 ni kweli, tena lina mzizi. Nchi hii hata mwenyekiti wa mtaa lazima adhaminiwe na chama. Mahakama ya Afrika, iliyo hapo Arusha, iliamua mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi kunavunja haki za raia. Miaka imepita, sheria iko pale pale. Kwa hiyo mlango wa kugombea umebanwa, nakubali.

Mlango wa kuhudhuria haujabanwa. Huo hauhitaji fomu wala mdhamini, na mtu hawezi kukuengua kwenye ukazi wako. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa ndiye anayehitaji zaidi kukutana na watu sitini wenye maswali yaliyoandikwa, kwa sababu siku ya kura hakukutana nao. Mtaro ni kitu kidogo, najua. Lakini watu waliosimama pamoja kwa ajili ya mtaro wanajuana majina na simu, na wanajua nani huahidi akatimiza. Siku ya jambo kubwa hawaanzi kutafutana gizani, na kijana wao akikamatwa, jioni hiyo hiyo wapo thelathini mbele ya kituo wanaomjua na kumtaja kwa jina. Sasa hivi kijana wa Tanga akikamatwa anatafutwa na mama yake peke yake.

Hicho ndicho ninachokiona mimi. Kama wewe unaona jingine, liseme, sina haki ya kukunyamazisha.

Mzee wa Chumbageni:

Wanangu, nimefurahi kuona mnasemeshana bila matusi. Niongeze kidogo.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza watu kuhusu vyama. Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja kiendelee. Asilimia 20 ndio waliotaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaruhusiwa. Mimi nilikuwa katika wale 80. Wale wachache walisikilizwa kwa sababu walijitokeza wakasema, na leo hata mimi nawashukuru. Kisha tukapata mabaraza ya katiba mwaka 2013, watu wa kawaida wakakaa na rasimu ya Tume ya Warioba mikononi. Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Tunaijua njia, tumeshawahi kuipita.

La Tanga: baada ya uchaguzi wa 2015, CUF walipata madiwani wengi kuliko CCM jijini, lakini kiti cha umeya kikaleta mgogoro mrefu na baraza likakwama. Niliona jirani na jirani wakiacha kusalimiana. Msiba wa mmoja, mwenzake hakufika. Katika miaka yangu yote hilo ndilo lililonitia hofu zaidi hapa mjini, kuliko maneno yoyote ya jukwaani. Walioturudisha ni wanawake. Walikataa kugawana upatu kwa chama, wakakataa kugawana mazishi. Kijana wa Mikanjuni, ukienda mkutanoni, kaa karibu na mama zako. Wao hawakuacha kukutana hata tulipoacha sisi.

Mama wa Mabawa:

Asante baba, umetusemea. Mimi nina la kueleza lililotokea kwetu, halafu naomba msaada.

Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini michango haikuisha. Shule ya wanangu walituma karatasi: mlinzi, uji, madawati, mtihani wa majaribio. Hatukatai kuchangia, watoto ni wetu na uji wanakunywa wao. Tulichouliza ni kikao gani kimepitisha. Mwanzo tuliambiwa "kikao cha wazazi". Tukaomba muhtasari. Hapakuwa na muhtasari. Tulikuwa wanawake wa kikoba kimoja tu, hatukupiga kelele, kila Ijumaa wawili wetu wakawa wanakwenda kuuliza kwa upole. Mwishowe kikao kikaitishwa kweli. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Uji ukapita, kwa kiasi ambacho muuza mihogo naye anaweza. Wajane na wanaolea wajukuu wakasamehewa, na hilo lilipendekezwa na baba mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno. Madawati yakakataliwa mpaka tuonyeshwe fedha zilizotoka halmashauri. Mwalimu mwenyewe alishukuru, alisema alikuwa akibeba lawama peke yake.

Msaada ninaoomba ni huu. Tuna kikundi, tunataka mkopo wa ile asilimia 10 ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ulisimamishwa 2023, ukarudi mwaka uliofuata. Tunaambiwa orodha ya vikundi vilivyopata "ipo ofisini". Nani anaruhusiwa kuiona?

Mjukuu wa Manamba:

Dada, hongereni sana. Hiyo ya kwenda wawili wawili kila Ijumaa nitaipeleka kwetu kama ilivyo.

Kuhusu orodha: ni fedha ya umma, ombeni kwa maandishi, msiombe kwa mdomo. Barua iwe ya kikundi, iandikwe kwa mtendaji wa mtaa, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Bakini na nakala yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ulizeni mambo matatu tu: vikundi vilivyopata katika kata, kiasi cha kila kimoja, na marejesho yamefikia wapi. Wakichelewa, diwani wenu ni mjumbe wa baraza la madiwani, mpelekeeni nakala hiyo hiyo kabla ya kikao kijacho cha baraza ili aulize yeye, jibu liingie kwenye kumbukumbu.

Mvuvi, swali lako la BMU naona hakuna aliyelijibu. Nani yuko Tongoni, Mwarongo au Chongoleani atuambie kwao kikao cha mwisho kilikuwa lini?